Mzinga wa Langstroth juu ya paa: uchukue, ila acha seti ya kawaida

Kwa mtu anayetaka kufuga nyuki juu ya paa la jengo la mjini, mzinga wa Langstroth ndio mzinga bora niliowahi kuutumia. Tatizo ni kwamba seti yake inayouzwa zaidi ndiyo isiyofaa kabisa kwa paa. Seti hiyo ni ya fremu kumi, yaani viunzi vya mbao vinavyoshika masega: chini masanduku mawili marefu kwa kina, ya majana (mayai na watoto wa nyuki), juu masanduku ya asali. Shambani haina neno. Paani kila unachokiweka kwenye mzinga umekipandisha kwa mikono yako, kila kilo ya asali utaiteremsha kwa mikono hiyohiyo, na mnara wako unapigwa na upepo mchana na usiku.

Mimi nafugia kwenye paa bapa la zege. Ngazi ya mwisho ya kulifikia ni ya chuma, imesimama wima na inaishia kwenye tundu lenye kifuniko kizito. Natumia Langstroth za fremu nane, masanduku yote ya kina cha wastani, kuanzia la majana hadi la asali. Hizo ndizo ninazozieleza hapa.

Nguvu ya mzinga huu iko kwenye nafasi ndogo sana. Mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, alitambua mwaka 1851 kwamba nyuki wakiachiwa uwazi wa takribani milimita 6 hadi 9 wanaupita kama njia na hawajengi kitu hapo. Ukipungua wanauziba kwa propolisi, ile gundi yao ya utomvu wa miti. Ukizidi wanaujaza masega. Akatengeneza mzinga ambao fremu zake zinaning'inia zikiwa na uwazi huo kila upande, akapata hataza mwaka 1852, na hadi leo mfugaji anachomoa sega moja, analitazama pande zote mbili, analirudisha, na hakuna kilichobomoka.

Kwa hiyo mzinga mpya ukifika, kabla sijasifia mbao naushikia rula. Sanduku la fremu kumi lina urefu wa milimita 508 kwa nje na upana wa 413. La fremu nane lina urefu uleule, ila upana ni 350 hivi, na hapa mafundi hutofautiana kwa milimita kadhaa. Masanduku yangu yalitoka karakana moja na fremu za ziada zikatoka nyingine. Fremu hizi za pili zina ncha nene kidogo pale zinapokalia sanduku, basi zinapanda juu na kukigusa kifuniko cha ndani. Nyuki wamezigandisha. Nikiinua kifuniko, fremu mbili tatu zinainuka nacho, kisha zinadondoka kwa kishindo katikati ya kundi. Shambani ungerudi nyuma hatua ishirini ukasubiri watulie. Paani nyuma yako kuna ukingo, na mita chache chini yake kuna dirisha la mtu. Nunua masanduku, fremu, sakafu na vifuniko kwa fundi mmoja, na umwambie mapema kwamba utamrudia kwa nyongeza.

Sasa nieleze kwa nini, pamoja na hayo yote, sibadilishi.

Nikifungua mzinga nachomoa kwanza fremu ya pembeni, ambayo mara nyingi ina asali tu, naiegemeza kando ili nipate nafasi ya kusogeza zilizobaki. Naenda taratibu hadi katikati. Sega la majana linatoka likiwa zito na la moto kwa mkono usio na glavu, kwa sababu nyuki wanaliweka kwenye nyuzi 34 hadi 35 za Selsiasi siku zote. Nageuka jua liwe nyuma ya bega, nalilaza kidogo ili mwanga ufike chini ya vijumba, na hapo mayai yanaonekana: vijiti vyeupe, vyembamba kuliko punje ya mchele, kimoja katika kila kijumba. Yaliyosimama wima yametagwa karibuni sana. Yanayokaribia siku ya tatu yameshalala. Basi hata kama malkia sijamwona kwa macho, najua alipita sega hili na lini. Hakuna haja ya kumtafuta na kuwachokoza nyuki bure.

Uwezo huu ndio unaokufanya uishi vizuri na majirani. Kundi linapojiandaa kugawanyika linalea malkia wapya, na kijumba cha malkia hufungwa kwa nta takribani siku ya nane tangu yai litagwe. Kikishafungwa, malkia mzee huwa tayari kuondoka na nusu ya kundi au zaidi. Ndiyo maana katika msimu wa maua mengi nakagua kila wiki, fremu kwa fremu, hasa kingo za chini za masega, na nikikuta vijumba hivyo naligawa kundi mwenyewe kabla halijajigawa. Kundi likiondoka shambani, hasara ni yako. Likiondoka kwenye paa la mjini, maelfu ya nyuki watatua kwenye mti wa kituo cha basi au kwenye fremu ya dirisha, na kesho yake jengo zima litataka mizinga ishuke. Mzinga usioweza kukaguliwa hivi, hata uwe mzuri namna gani, mimi siupandishi paani.

Tuje kwenye uzito, maana hapo ndipo seti ya kawaida inaposhindwa. Sanduku refu la fremu kumi, lenye kina cha milimita 244, likijaa asali linakaribia kilo 40. Sanduku la wastani, lenye kina cha milimita 168, likiwa la fremu nane linakuwa na kilo 20 na kidogo. Tofauti hiyo unaihisi mgongoni unapolinyanyua kutoka usawa wa kifua huku upepo ukikusukuma na veli ikikubana pumzi. Na kwa kuwa masanduku yangu yote ni ya kina kimoja, fremu yoyote inaingia popote. Nikitaka kushusha sega la majana kutoka juu kwenda chini, nalishusha. Nikitaka kumpa malkia nafasi zaidi, nachukua fremu tupu kutoka kwenye masanduku ya asali. Gharama ya uamuzi huu ni kwamba unanunua masanduku na fremu nyingi zaidi kwa kundi moja, na ukaguzi unachukua muda mrefu kidogo kwa sababu majana yanaenea kwenye masanduku matatu badala ya mawili. Nailipa bila kinyongo.

Uzito wa mzinga mzima ni habari nyingine. Kundi lenye nguvu, katikati ya msimu, linaweza kupita kilo 100, na zote zimekaa kwenye eneo lisilofika robo ya mita ya mraba. Ukiusimamisha kwenye stendi yenye miguu minne myembamba, uzito huo unaingia kwenye ncha nne na kuchimba tabaka la kuzuia maji. Stendi inayouzwa pamoja na seti iko hivyohivyo, na siipendi. Weka mbao pana au vipande vya zege chini ya miguu, na weka mizinga juu ya boriti au karibu na ukuta unaobeba jengo, si katikati ya paa. Kabla ya yote, mhandisi alipime paa. Paa lililojengwa kwa ajili ya fundi anayepanda mara moja moja si lazima libebe mizinga minne, wewe, na mgeni aliyekuja kutazama.

Upepo. Kifuniko cha nje kinachokuja na seti ni kizuri, kina bati juu na kingo zinazoshuka pembeni mwa sanduku, lakini upepo wa juu ya jengo unaking'oa. Wafugaji wa shambani huweka jiwe juu. Paani usiweke jiwe, wala tofali, wala kitu chochote kinachoweza kuishia barabarani. Mimi nafunga mkanda wa kukazia mizigo, ule wenye kikazio cha chuma, kuuzunguka mzinga wote pamoja na stendi, na stendi yenyewe nimeibana kwenye vipande vya zege. Mlango nimeupa mgongo upande upepo unakotoka mara nyingi. Masanduku ya fremu nane ni membamba, kwa hiyo mnara wake unayumba mapema kuliko wa fremu kumi. Huo ni udhaifu wa kweli wa hii saizi niliyoichagua. Sipandishi zaidi ya masanduku matano kwenda juu. Asali ikijaa naivuna mapema, siongezi sanduku la sita.

Joto linanisumbua kuliko upepo. Ukuta wa Langstroth wa kawaida ni ubao wa milimita 19 tu. Jua la mchana likilipiga paa, hasa paa lenye lami nyeusi, joto linakuja kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Nyuki wana njia zao: wanaleta maji, wanayatandaza kwenye vijumba, wanapiga mbawa mlangoni hadi hewa izunguke. Lakini kibarua anayeshinda akipuliza hewa haleti mbochi wala chavua. Na nta, ingawa huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, huanza kulegea mapema zaidi. Sega jipya lililojaa asali linaweza kukatika na kuanguka likiwa na nyuki wake.

Kwenye seti, kinga dhidi ya hayo haipo kabisa. Nimeongeza mwenyewe: rangi nyeupe ya maji kwa nje (ndani usipake chochote), bamba la koki (lile gome jepesi la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa) lenye unene wa sentimita tatu chini ya kifuniko cha bati, stendi inayoinua sakafu usawa wa goti, na kitambaa cha kivuli upande wa jua la alasiri. Baada ya kuweka koki, nyuki walioning'inia kwa mashada mbele ya mlango kila alasiri walirudi ndani. Koki hiyohiyo inafaa wakati wa baridi pia, maana inazuia unyevu wa pumzi zao usigande kwenye bati na kuwadondokea. Kama nina ombi moja kwa wanaotengeneza mizinga hii, ni hilo: mwekeeni mnunuzi wa paani kifuniko chenye kinga ya joto tangu mwanzo.

Sakafu ya wavu niliyopewa ni nzuri. Inasaidia hewa na inaniwezesha kuhesabu varroa, wadudu wadogo wanaowanyonya nyuki, wanaodondoka kwenye trei. Ila paani upepo unaingia kutoka chini, kwa hiyo trei naiacha imefungwa siku zenye upepo. Kizuizi cha malkia, kile kinachomzuia asipande kutaga kwenye masanduku ya asali, chukua cha nyaya za chuma. Cha bamba la plastiki hupinda kwa joto, na kikipinda, ule uwazi wa milimita tuliousema unaharibika.

Bomba la moshi la kutulizia nyuki lina jambo lake huku juu. Moshi unafunika harufu ya hatari ambayo nyuki hutoa anapochoma, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na bila moshi mchomo mmoja unaita mingine. Lakini bomba ni moto, na paa lina lami, mbao na nyaya. Langu halikanyagi sakafu: linakaa ndani ya ndoo ya chuma yenye kifuniko, na nikimaliza naliziba kwa kizibo na kulishusha humohumo likiwa limefunikwa. Angalia pia kama kuna kitambua moshi karibu na mlango wa paa.

Maji yawekwe kabla nyuki hawajafika. Kundi moja siku ya joto linaweza kutumia lita nzima au zaidi, na likishazoea bwawa la kuogelea la jirani au matone ya kiyoyozi chake, kulirudisha ni kazi. Beseni pana, mawe ya kutua, kivuli, basi.

Nimefanya kazi na mizinga mingine, na ni haki niseme. Ule mzinga mrefu wa kulala wenye mbao za juu bila fremu, ulioendelezwa Kenya miaka ya 1970, una mambo mawili ambayo Langstroth haina: hunyanyui sanduku kamwe, unatoa sega moja moja, na uko chini kiasi kwamba upepo hauna pa kuushikia. Mtu mwenye mgongo mbovu namshauri auchukue huo. Kilichonirudisha kwenye fremu ni joto. Sega lisilo na fremu limeshikiliwa juu tu, na kwenye paa lenye joto kali unaligeuza kwa hofu, ukilipindisha kidogo linakatika mkononi. Pia huwezi kuliweka kwenye mashine ya kukamulia ukalirudisha, lazima ulisage, na nyuki waanze kujenga upya. Mizinga ya povu gumu nayo ni myepesi na inazuia joto vizuri kuliko ubao. Nisingemkataza mtu. Mimi napenda ubao kwa sababu ukiambukizwa naweza kuuchoma kwa moto wa gesi upande wa ndani na kuutumia tena, na kwa sababu wepesi wa povu unahitaji mikanda miwili badala ya mmoja.

Wakati wa kurina ndipo nilipojipongeza kwa kuchagua masanduku madogo. Sikamulii paani hata siku moja, maana asali iliyo wazi inaita nyuki wa mizinga yote ya karibu na wizi ukianza hauzuiliki. Jioni naweka ubao wenye njia ya kutokea upande mmoja chini ya sanduku la asali. Nyuki wanashuka usiku kwenda kwa wenzao na hawawezi kurudi. Siku inayofuata sanduku karibu halina nyuki. Nachukua tu masega yaliyozibwa kwa nta karibu yote, kwa sababu hapo unyevu umeshashuka. Asali yenye unyevu chini ya asilimia 18 hukaa bila kuchachuka, na kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa ni asilimia 20. Fremu zinaingia kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, nne nne, na kontena linashuka tunduni kwa kamba hadi kwa mtu anayelipokea. Sanduku zima sishuki nalo ngazini. Mikono yote miwili ni ya ngazi.

Mama anayeishi ghorofa ya juu kabisa aliniuliza siku mizinga ilipopanda: "Mwanangu, hawa hawataniingilia dirishani?" Nilimwonyesha milango ilivyoelekea, na ule ukuta wa wavu wa mita mbili mbele yake unaowalazimisha nyuki kupanda juu kabla ya kwenda mbali. Nikamwomba pia taa yake ya barazani ya usiku isielekee mizinga, maana nyuki hufuata mwanga. Anapata chupa kila nikirina. Mazungumzo ya aina hiyo ni sehemu ya vifaa, ingawa hayauzwi na seti.

Kuna jambo ambalo mzinga wowote hauwezi kulitatua, nalo ni ukali. Nyuki wa jamii ya scutellata, wa mashariki na kusini mwa Afrika, wanalinda nyumba yao kwa nguvu kubwa kuliko ligustica wa Italia au carnica wa Ulaya ya kati. Kama hao ndio nyuki wa kwenu, paa lenye madirisha karibu si mahali pao. Watafutie shamba.

Na kabla hujaagiza, tazama maua. Mizinga ya mapaa ina sifa kubwa: iko kwenye jumba la opera la Opéra Garnier, Paris, tangu miaka ya 1980, na ile iliyowekwa kwenye kanisa kuu la Notre-Dame mwaka 2013 ilinusurika moto wa Aprili 2019. New York iliruhusu ufugaji huu mwaka 2010. Lakini mwaka 2020 wataalamu wa bustani ya Kew walionya kwamba mizinga ya London imeanza kuzidi chakula kilichopo, na utafiti uliofanywa Paris na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba palipo na mizinga mingi, wachavushaji wa porini hutembelea maua kwa uchache. Hao hawana mtu wa kuwawekea beseni la maji. Kama mtaa wako una mizinga tayari na miti michache, fedha ya mzinga nunulia miche.

Kama maua yapo na paa limepimwa, agiza hivi: masanduku ya wastani ya fremu nane, matano kwa kila kundi, yote kwa fundi mmoja, sakafu ya wavu yenye trei, kizuizi cha nyaya, kifuniko cha bati na bamba la koki, mkanda wa kukazia. Ongeza sakafu moja, kifuniko kimoja na sanduku moja lenye fremu zake kwa ajili ya kundi utakaloligawa. Hilo la ziada lipandishe paani siku ileile na mengine, kwa sababu utakapokuta kijumba cha malkia hutakuwa na wiki ya kumsubiri fundi. Kati ya nyota tano naupa nne, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya kifuniko.